Wichterle, mtu aliyeinywesha plastiki maji

Kila anapotajwa Otto Wichterle, na hatajwi mara nyingi katika madarasa yetu, kinachosimuliwa ni kisa cha Krismasi ya mwaka wa 1961. Mwanakemia huyo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 48, aliketi na mkewe Linda kwenye meza ya jikoni mjini Prague, mbele yao mtambo mdogo alioutunga kwa vipande vya chuma vya mchezo wa watoto. Mtambo ulizungushwa na dinamo ya baiskeli ya mwanawe, na umeme ukatoka katika transfoma ya kengele ya mlangoni. Siku hiyo wakapata lenzi nne laini za kuvaa machoni. Kisa hicho ni cha kweli wala sina nia ya kukikanusha. Ninachogombana nacho ni matumizi yake. Visa vya namna hii hupendwa mno na wale wanaotaka kutuaminisha kwamba shule isiyo na maabara haina udhuru, kwamba mtoto mwenye akili atajipatia sayansi kwa vikopo na nyuzi, na kwamba mwalimu anayedai vifaa ni mvivu wa kubuni. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa humu nchini mwaka wa 1998 kwa ushirikiano na Wajapani, ulikuwa na sababu njema ulipowahimiza walimu wa sayansi na hisabati watumie vifaa vya kujibunia. Hata hivyo, kumhimiza mwalimu abuni ni jambo moja, na kumwachia abuni kila kitu ni jambo jingine kabisa. Maisha ya Wichterle yakisomwa tangu mwanzo, badala ya kuanzia jikoni, yanatoa picha tofauti na ile ya hotuba.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1913 katika mji wa Prostějov, jimbo la Moravia, nchi hiyo ikiwa bado chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa mmoja wa wenye kiwanda cha zana za kilimo, ambacho baadaye kiliunda pia magari. Kijana huyu basi hakulelewa katika ufukara. Alikulia penye vyuma, mashine na mafundi. Aliingia Chuo Kikuu cha Ufundi mjini Prague kusomea kemia, ingawa moyo wake ulivutwa vilevile na udaktari wa watu, na akahitimu mwaka wa 1936. Mvuto huo wa udaktari msomaji auweke akilini.

Mwezi wa Novemba 1939 Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi walivifunga vyuo vikuu vyote vya Wacheki. Wichterle akapata hifadhi mjini Zlín, katika taasisi ya utafiti ya kampuni ya viatu ya Bata. Ndiyo, Bata hiyo hiyo ambayo viatu vyake vya ngozi nyeusi vimevaliwa na vizazi vya wanafunzi wa Kenya, na ambayo jina lake halitengani na Limuru. Huko Zlín aliongoza kazi ya kutengeneza polima, yaani molekuli ndefu zinazoundwa kwa kuunganisha molekuli ndogo nyingi mithili ya pete za mkufu. Mwaka wa 1941 kikundi chake kilifaulu kuvuta uzi kutokana na polima iliyotengenezwa kwa kaprolaktamu. Uzi huo, ndugu wa nailoni ya Wamarekani, ukaitwa silon, na hadi leo mwanamke wa Kicheki huziita soksi zake ndefu kwa jina linalotokana na neno hilo. Mwaka wa 1942 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimtia gerezani kwa miezi kadhaa kisha wakamwachilia.

Vita vilipokwisha alirejea chuoni akawa mwalimu. Sifa hii ya ualimu aghalabu husahauliwa. Aliandika kitabu cha kiada cha kemia isiyo ya kikaboni, kisha akaandika kingine cha kemia ya kikaboni, na mwaka wa 1949 akaanzisha idara ya teknolojia ya plastiki. Nionavyo, mtu aliyelazimika kulipanga somo zima sura baada ya sura, ili lieleweke kwa kijana wa miaka ishirini, hulijua somo hilo kwa namna ambayo mtafiti asiyefundisha hawezi kulijua. Yamkini ndiyo sababu Wichterle aliona upesi jambo ambalo wengine walilipita.

Jambo lenyewe lilimjia garini moshi mwaka wa 1952. Jirani yake wa kiti, mtu wa wizara ya afya, alikuwa akisoma makala kuhusu madini ya tantalamu yaliyokuwa yakitumiwa kutengenezea macho ya bandia. Wichterle akaona kwamba chuma si kitu cha kuweka ndani ya mwili, na kwamba plastiki iliyoundwa mahsusi ingevumiliwa vizuri zaidi. Hoja yake ilikuwa nyepesi ukiitazama leo. Plastiki nyingi tunazozijua huyachukia maji. Itose ndoo ya plastiki mtoni mwaka mzima, itatoka kama ilivyoingia. Mwili nao sehemu yake kubwa ni maji. Konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, ni maji kwa takriban asilimia 78. Kitu kikavu, kigumu na kisichopitisha chochote kikitiwa katikati ya nyama hiyo yenye unyevu, hukwaruza, huzuia chakula na hewa kupita, na mwili hukizungushia ukuta wa kovu.

Kilichotakiwa basi kilikuwa plastiki inayonywa maji bila ya kuyeyuka. Masharti hayo mawili hupingana. Kinachopenda maji kupita kiasi huyeyuka ndani yake, kama sukari katika chai. Kisichoyeyuka kwa kawaida hakiyataki maji. Suluhisho ni kufunga minyororo ya polima kwa vifundo hapa na pale, mfano wa wavu wa mvuvi. Maji huingia na kutoka katika matundu ya wavu, nayo minyororo haiwezi kuachana. Wavu wa namna hiyo ukishajaa maji ndio uitwao haidrojeli. Mpishi anaijua hali inayokaribiana nayo anapotazama mlenda wa bamia, na mama anaijua katika nepi za kutupa, ambazo ndani yake mna chembechembe za polima zinazovimba kwa mkojo wa mtoto na kuushikilia.

Kazi ya mikono aliifanya msaidizi wake, Drahoslav Lím, na ni dhuluma kumsifu bwana na kumsahau msaidizi. Lím aliunganisha molekuli za haidroksiethili methakrilati, ambazo kila moja upande mmoja ina kifungo maradufu cha kuishikia molekuli jirani, na upande wa pili ina kikundi cha haidroksili kinachovuta maji. Molekuli kidogo nyingine zenye vifungo maradufu viwili, yaani zenye mikono miwili, ndizo zilizofunga vifundo. Walichopata ni kitu angavu kama kioo, laini kama ute wa yai lililochemshwa, kinachobeba maji kwa karibu asilimia 40 ya uzito wake. Walikiombea hataza mwaka wa 1953, na mwezi wa Januari 1960 jarida la Nature la Uingereza likachapisha makala yao fupi kuhusu jeli zipendazo maji kwa matumizi ya viumbe hai. Ni kurasa mbili tu. Naziona kuwa miongoni mwa kurasa zilizozaa kazi nyingi kuliko unene wake.

Lenzi lilikuwa tawi moja tu la mti huo, ingawa ndilo lililompa umaarufu. Lenzi za kuvaa machoni zilikuwako zamani. Za kioo zilijaribiwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na za plastiki ngumu zilienea baada ya mwaka wa 1948. Zote zilikuwa mateso. Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huitoa hewani kupitia machozi, na kipande cha plastiki ngumu kinachoifunika huibana pumzi. Jeli yenye maji ingepitisha oksijeni kiasi, na ingejikunja pamoja na jicho. Mwaka wa 1957 Wichterle alitengeneza karibu lenzi mia moja kwa kuimimina monoma katika kalibu za polistirini zilizofungwa. Daktari wa macho Maximilian Dreifus alizijaribu kwa wagonjwa. Tatizo lilikuwa kingo: kila lenzi iliyotolewa kalibuni ilitoka na ukingo uliochanika, na jicho halisamehe ukingo uliochanika.

Kabla tatizo hilo halijatatuliwa, siasa ikaingia. Mwaka wa 1958 uongozi wa kikomunisti wa chuo chake ulifanya msako wa kuwatoa wasioaminiwa, na Wichterle akafukuzwa pamoja na wengine. Bahati nzuri ni kwamba kongamano la kimataifa la kemia ya molekuli kubwa lilikuwa limefanyika Prague mwaka uliotangulia, na wakubwa wa serikali wakawa wametambua kwamba nchi ilihitaji taasisi ya fani hiyo. Mtu aliyefukuzwa kwa mkono mmoja akaitwa kwa mkono wa pili: alipewa uongozi wa Taasisi ya Kemia ya Makromolekuli ya Akademia ya Sayansi ya Chekoslovakia. Jengo la taasisi lilikuwa bado likijengwa. Wizara ya afya nayo ikaamua kwamba lenzi laini hazina mustakabali na utafiti wake usitishwe. Ndipo kazi ilipohamia nyumbani.

Sasa tutazame kilichokuwa mezani siku ile ya Krismasi. Wichterle aliamua kuacha kalibu iliyofungwa na badala yake kuzungusha kalibu iliyo wazi. Koroga chai kwa kasi ndani ya kikombe, kisha utoe kijiko: katikati ya chai hubonyea na kando hupanda. Umbo hilo la kubonyea ndilo uso wa ndani wa lenzi. Uso wa nje hutolewa na kalibu yenyewe. Wa ndani hutolewa na mzunguko, na kasi ya mzunguko huamua ubonyefu wake. Monoma ikigeuka polima wakati kalibu ingali inazunguka, umbo huganda vivyo hivyo, na ukingo hutoka laini bila ya mkono wa mtu. Katika hesabu hiyo mna mekanika ya kimiminiko kinachozunguka, mna kasi ya mmenyuko wa upolimishaji, mna uvimbaji wa jeli ikitiwa majini baadaye, na mna hesabu ya miali ya nuru. Mirija ya kioo na kalibu alizitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Alizivaa lenzi zile machoni mwake. Nguvu yake haikumfaa, lakini hazikumkera.

Hapo ndipo ninapogombana na hotuba. Kilichokosekana jikoni mle kilikuwa vyuma na mota. Havikukosekana miaka ishirini ya kazi ya polima, wala miaka tisa ya kuijua jeli hiyo hiyo, wala Lím, wala daktari wa macho aliyekuwa tayari amekwisha kuwavika watu lenzi za awali na kueleza kasoro zake. Mtoto wa Merkur, kama ulivyoitwa mchezo ule wa vyuma, alikuwa mikononi mwa mtu aliyejua hasa anachokitafuta. Mpe mwanafunzi asiyewahi kuona monoma dinamo kumi za baiskeli, utapata baiskeli kumi zisizo na taa.

Baada ya siku chache aliandika maombi ya hataza, akaunda mitambo mingine yenye mota ya gramafoni, na katika miezi minne ya kwanza ya mwaka wa 1962 yeye na mkewe walitoa lenzi 5,500. Mwaka wa 1965 Akademia iliiuzia haki za uvumbuzi huo kampuni ya Marekani ya National Patent Development, bila ya Wichterle kujua. Kampuni hiyo nayo ikaipa Bausch & Lomb leseni, na mwaka wa 1971 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ikaidhinisha lenzi laini ziuzwe. Ng'ambo watu walitajirika. Mvumbuzi aliambulia makombo, na nchi yake haikupata sehemu iliyoistahili. Wakuu wa vyuo vikuu vyetu wanaotia saini mikataba ya utafiti na wageni wangefaidika kuisoma aya hii mara mbili.

Lakini si lenzi zilizonifanya nichukue kalamu. Kuna kazi ya pili ya jeli ya Wichterle, ambayo kwa maoni yangu itadumu kuliko ya kwanza, nayo ni kutengenezea viunzi vya kuotesha upya tishu za mwili.

Aliyeona nyumba ya udongo ikijengwa ataielewa fikra hii bila ya taabu. Kwanza husimamishwa nguzo na fito, kisha matope hukandikwa, na fito ndizo zinazoyapa matope mahali pa kushika na umbo la kufuata. Seli za mwili nazo haziwezi kujenga gegedu au ngozi hewani. Katika mwili mzima hushikiliwa na wavu wa protini na sukari ndefu uliojaa maji, na wavu huo ukiteketezwa na moto au kuliwa na maradhi, seli zilizobaki hukosa pa kusimama, na pengo hujazwa na kovu. Mtafiti basi hutengeneza wavu wa badala, akauweka pengoni, ukiwa mtupu au ukiwa umekwisha kupandwa seli za mgonjwa mwenyewe. Tofauti na nyumba ya udongo ni moja kubwa: fito hizi zinatakiwa zioze ukuta unaposimama, zisiwahi wala zisichelewe.

Jeli ya Wichterle ilifaa kwa nusu ya kazi hii na ikashindwa kwa nusu ya pili. Iliundwa iwe mgeni mpole asiyegusa wala kuguswa. Haiozi mwilini. Protini hazikai vizuri juu yake, na kwa hiyo seli hazipati pa kushika. Kwa lenzi hiyo ni neema. Kwa kiunzi ni kasoro. Tena matundu ya wavu wake ni madogo mno: molekuli ya maji hupita, seli haipiti.

Tatizo la matundu ndilo lililopatiwa dawa mapema, na dawa hiyo ni somo zuri la kemia. Wavu wa jeli hii hauwezi kubeba maji kupita asilimia 40 hivi. Ukiipolimisha monoma pamoja na maji machache, hupata jeli angavu. Ukizidisha maji yakakaribia nusu ya mchanganyiko na kuipita, wavu hushindwa kuyabeba yote, na ya ziada hujitenga. Polima hukusanyika katika vijidonge vidogo vilivyoshikana, na baina yake hubaki mapango yaliyojaa maji. Hapo jeli haiwi angavu tena. Huwa nyeupe, ikawa sponji. Mwaka wa 1969 watafiti wawili wa Uingereza, Winter na Simpson, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyopachika sponji ya namna hiyo chini ya ngozi ya nguruwe wachanga, na ndani yake ukaota mfupa, mahali ambapo mfupa hauna kazi. Hakuna aliyekuwa ameutia mfupa humo. Umbo la kitu, bila ya dawa yoyote, lilikuwa limezibadilisha seli tabia.

Miaka ya baadaye, huko Perth, Australia, Traian Chirila na wenzake waliitumia tofauti hiyo hiyo ya maji kuunda konea ya bandia iliyoitwa AlphaCor. Katikati yake palikuwa jeli angavu ya kupitisha nuru. Pembeni palikuwa pete ya sponji ya polima ile ile, ili seli za jicho ziingie na kuishika. Kipande kimoja, kemikali moja, maji tofauti. Iliwafaa baadhi ya wagonjwa, lakini kwa wengine konea ya asili iliyoizunguka ilidhoofika na kuyeyuka, na kifaa kikalazimika kutolewa. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu magazeti hupenda kutangaza viungo vya bandia siku vinapozaliwa na kunyamaza siku vinapoondolewa.

Kuna njia nyingine za kutoboa matundu. Mmoja huchanganya chembe za chumvi katika monoma, na jeli ikishaganda huiosha hadi chumvi iyeyuke na kuacha nafasi zake. Mwingine huigandisha jeli kwa baridi kali, akayavuta maji yakiwa barafu bila ya kuyayeyusha, na kila fuwele la barafu huacha pango. Kwa njia hii ya barafu, Yannas na Burke walitengeneza huko Boston ngozi ya bandia kwa kolajeni ya kano za ng'ombe na sukari ndefu ya gegedu la papa, na mwaka wa 1981 wakatangaza matokeo yake kwa watu walioungua vibaya. Hiyo si haidrojeli kamili, ni sponji. Lakini mantiki ni moja, na imewasaidia watu halisi. Katika nchi ambayo watoto huunguzwa na stovu za mafuta ya taa na masufuria ya uji, si habari za kupuuza.

Tatizo la kuoza lilipelekea watu kuacha polima za kiwandani na kurudi katika vitu vya viumbe. Mwani wa kahawia hutoa alginati, ambayo ikikutana na kalsiamu huganda papo hapo bila ya joto wala sumu. Mwaka wa 1980 Lim mwingine, Franklin Lim, pamoja na Anthony Sun, walizifungia ndani yake seli za kongosho zinazotoa insulini, wakazitia katika panya wenye kisukari. (Mwani unaolimwa Kwale na Zanzibar ni wa jamii nyekundu, hautoi alginati bali karajenani, nayo pia ni jeli, na wapo wanaoijaribu kwa viunzi.) Tatizo la seli kukosa pa kushika lilipata ufunguo mwaka wa 1984, Pierschbacher na Ruoslahti walipoonyesha huko Marekani kwamba katika protini kubwa ambayo seli huishika, kishikio chenyewe ni asidi amino tatu tu zilizofuatana. Kipande hicho kifupi huweza kubandikwa kwenye jeli, na jeli iliyokuwa ikiteleza ikawa na vishikio.

Mwaka wa 2000 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walichukua gelatini, ambayo ni kolajeni iliyochemshwa, wakaipachika vikundi vya methakrilati, yaani kile kile kifungo maradufu cha jeli ya Prague. Gelatini ya kawaida huyeyuka katika joto la mwili. Hii, ikimulikwa kwa nuru, hufungwa vifundo na haiyeyuki, lakini vimeng'enya vya mwili huweza kuila polepole, na vishikio vya seli inavyo kwa maumbile. Nusu mbili za kazi zikakutana: mkono wa kuunganisha ni wa Wichterle, mwili wa kuoza ni wa mnyama. Leo jeli hii humiminwa kalibuni au huchapwa tabaka juu ya tabaka kwa mashine, seli zikiwa hai ndani yake.

Nisiwadanganye wanafunzi kwamba ini jipya liko dukani. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya takriban sehemu mbili za kumi za milimita hufa njaa, na hakuna jeli nene iliyopata mishipa yake kwa urahisi. Tena ugumu wa jeli peke yake huamua hatima ya seli: mwaka wa 2006 Engler na wenzake walionyesha kwamba seli za shina zikiwekwa juu ya jeli laini kama ubongo huelekea kuwa za neva, juu ya jeli yenye ugumu wa msuli huelekea kuwa za msuli, na juu ya ngumu zaidi huelekea kuwa za mfupa. Anayetengeneza kiunzi basi huchagua maji, vifundo, matundu, vishikio na kasi ya kuoza, na kila akigeuza kimoja, vingine navyo hugeuka.

Wichterle mwenyewe hakuachwa afuatilie haya kwa raha. Mwaka wa 1968 alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioasisi na kutia saini waraka wa Maneno Elfu Mbili uliodai uhuru zaidi. Vifaru vya Kisovieti vikaingia mwezi wa Agosti, na mwaka wa 1970 akaondolewa ukurugenzi wa taasisi aliyoijenga. Kwa karibu miaka ishirini aliishi na kufanya kazi akiwa amesukumwa kando, huku dunia nzima ikivaa lenzi zake. Utawala ule ulipoanguka, aliteuliwa mwaka wa 1990 kuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya Chekoslovakia, akashika wadhifa huo hadi nchi ilipogawanyika mwishoni mwa mwaka wa 1992. Alifariki tarehe 18 Agosti 1998 huko Stražisko, Moravia, akiwa na umri wa miaka 84.

Mtaala wa 8-4-4 uliziweka polima katika kidato cha nne, na kwa miaka mingi mtahiniwa aliulizwa ataje monoma ya nailoni au achore mnyororo wa politheni, akaandika alichokariri. Ningemwomba mwalimu wa kemia aongeze swali moja katika mtihani wake wa muhula: jeli ya haidroksiethili methakrilati ikitengenezwa kwa maji machache huwa angavu, na ikitengenezwa kwa maji yanayozidi nusu huwa sponji nyeupe. Eleza sababu, kisha useme ni ipi kati ya hizo mbili ungeiweka katikati ya jicho la mgonjwa, na ni ipi ungeiweka pembeni. Alama nane.